Mambo ya Nyumbani: Mbeleko au Kigari?



Mwezi huu tumepata barua ya mwalimu mmoja wa huku kwetu Ugalla. Mkewe yu karibu kujifungua, naye mtoto huyo atakuwa mzaliwa wao wa kwanza. Mwalimu asema kwamba ameona madukani Mpanda vigari vya kusukumia watoto, vyenye magurudumu manne na kifuniko cha kukinga jua, naye amekuwa akiweka akiba kwa muda wa miezi mitatu ili anunue kimoja. Walakini vigari hivyo ni vya namna nyingi, wala hajui achague kipi. Kwa hiyo atuomba shauri. Tena, mwisho wa barua, ameongeza kwamba hapendi mkewe aonekane njiani na mbeleko mgongoni kama mtu asiyesoma.

Tumeisoma barua hiyo mara mbili. Swali lake ni jema, nasi tutalijibu kwa urefu. Lakini yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyotugusa zaidi, kwa sababu sisi wenyewe tuliyasema zamani nyumbani mwetu, na nusura tuyalipie kwa kitu kisichonunuliwa. Basi twaomba wasomaji watuvumilie, tueleze habari yote kwa taratibu.

Kwanza yafaa kutazama njia kabla ya kutazama chombo. Mrina asali wa huku kwetu akienda mizingani, hufikiri njia yake ilivyo, kisha ndipo achaguapo namna ya kubeba. Penye njia pana hufunga madumu yake juu ya baiskeli. Penye mawe na vichaka hujitwika kichwani. Hakuna amchekaye kwa kujitwika, wala hakuna amsifuye kwa baiskeli iliyokwama kichakani pamoja na asali. Mtu mwenye akili hujua kwamba chombo ni mtumishi wa njia. Ikiwa twafanya hivyo kwa ajili ya asali, je, hatupaswi kufanya vivyo hivyo kwa ajili ya mtoto?

Kigari cha mtoto nacho kina asili yake. Husimuliwa kwamba mwaka 1733 Mwingereza William Kent, fundi wa majumba na bustani, alitengeneza kigari kwa ajili ya watoto wa mkuu mmoja, Duke wa Devonshire. Kigari hicho hakikusukumwa na mtu. Kilikokotwa na mbuzi au farasi mdogo. Kilikuwa kitu cha kuwafurahisha watoto wa wakuu katika bustani yenye njia zilizosawazishwa. Katika karne ya 19 vigari vya kusukuma kwa mikono vikaenea katika miji mikubwa kama London na New York, ambayo njia zake zilikuwa zimekwisha kutandikwa mawe. Mwaka 1889 Mmarekani William Richardson, wa mji wa Baltimore, akapata hati ya serikali ya kumlinda katika uvumbuzi wake: kikapu cha kigari kiwezacho kugeuzwa, ili mtoto amtazame mama yake badala ya kutazama njia. Kisha mwaka 1965 Mwingereza Owen Maclaren, aliyekuwa mhandisi wa ndege, na aliyeshiriki kubuni miguu ya ndege ya vita iitwayo Spitfire, alimwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito. Akaunda kingine cha alumini, chepesi kama kilo tatu hivi, chenye kukunjwa kama mwavuli. Vigari vingi vyepesi vinavyouzwa siku hizi vimefuata shauri lake.

Tazameni basi mfuatano wa mambo hayo. Kila mara njia ilitangulia, kigari kikafuata nyuma. Kigari ni mtoto wa barabara laini. Hatusemi hivyo kwa kukidharau. Twasema ili tujue kwao ni wapi.

Na sisi kwetu ni wapi? Msomaji wa Ugalla hana haja ya kuambiwa. Wakati wa kiangazi njia zetu ni mchanga uzamishao mguu. Masika yakija, mbuga za mto Ugalla hujaa maji, na njia iliyokuwa mchanga yageuka tope. Katikati ya miyombo pana visiki na mizizi. Mwenye kupanda gari la moshi litokalo Kaliua kuja Mpanda aujua msongamano wa mabehewa, jinsi mizigo inavyopitishwa juu ya vichwa vya watu. Tena pana ndorobo, ambao wengine huwaita mbung'o, nao hufuata kila kitu kiendacho. Hiyo ndiyo njia yetu. Chombo chochote cha mtoto lazima kijibu maswali yake.

Sasa tusimulie yaliyotupata. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, nasi tulikuwa vijana tulionza kazi ya kufundisha, tulinunua kigari. Hatutataji duka wala namna yake, maana kosa halikuwa la kigari, lilikuwa letu. Mama wa nyumba alisema, "Mama yangu ameniletea vitenge viwili, vyatosha." Sisi tukamjibu kwamba mwalimu hawezi kuishi kama watu wa zamani, na kwamba watu wakiona kigari watajua nyumba hii ina maendeleo. Hakubishana nasi. Akavikunja vile vitenge, akaviweka sandukuni. Kimoja akakitia katika mfuko wake wa safari.

Mtoto alipotimiza wiki kumi, ikafika siku yake ya chanjo. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Yatupasa kukiri kwamba tulichelewa kutoka kwa sababu tulikuwa tukifuta magurudumu ya kigari yang'ae. Hata tulipoanza safari jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mwanzo, penye barabara ya malori, kigari kilikwenda vizuri, na watu wawili watatu walitusifu. Kisha tukaingia njia ya mchanga. Magurudumu yale madogo yakazama. Tukasukuma, tukavuta, tukainua; kila hatua kumi tukapumzika. Kigari chenyewe kilikuwa cha rangi ya buluu, na ndorobo wakaja wengi. Basi tukatwaa shuka, tukaikunja mara mbili, tukafunika kigari chote pande zote, tukidhani twamkinga mtoto na jua na wadudu kwa pamoja.

Mtoto alilia kitambo, kisha akanyamaza. Sisi tukafurahi. Tukamwambia mama yake, "Waona? Amelala. Kigari kimembembeleza."

Tukakutana na bibi mmoja mzee aliyekuwa ameshika njia hiyo na mzigo wa kuni kichwani. Tukaamkiana. Akauliza, "Wanangu, humo ndani mmefunika nini?" Tukajibu kwa majivuno kidogo kwamba ni mtoto. Yule bibi hakusema neno. Aliangusha kuni zake, akaifunua shuka. Mtoto wetu alikuwa amelowa jasho mwili mzima, uso umemwiva, mikono imelegea. Tulipomwita, alifumbua macho kidogo akayafumba tena. Hakuwa amelala, alikuwa anazidiwa na joto.

Hatujasahau hata leo jinsi bibi yule alivyofanya kazi bila haraka na bila kupoteza hata dakika moja. Alimtwaa mtoto, akaketi kivulini chini ya mninga, akamvua nguo zote, akalowesha kitambaa kwa maji tuliyokuwa nayo akampangusa, akatuamuru sisi tumpepee. Kisha akampa mama yake amnyonyeshe. Mara ya kwanza mtoto hakuwa na nguvu ya kushika titi. Mara ya pili akashika, akaacha. Mara ya tatu akanyonya. Hapo mama wa nyumba akaanza kulia, maana mpaka wakati ule alikuwa hajapata nafasi ya kulia.

Mtoto alipopata nguvu, bibi akauliza kama tuna nguo. Mama akatoa kile kitenge mfukoni. Mtoto akafungwa kifuani mwa mama yake, kwa nafasi, kichwa nje kivulini mwa upande wa kanga, tukaondoka upesi kwenda zahanati. Yule bibi hakutusuta hata kwa neno moja. Alijitwika kuni zake, akatutakia safari njema. Mama alitangulia na mtoto, sisi tukafuata nyuma tukisukuma kigari kitupu. Nacho kilikuwa kizito kitupu kuliko kilivyokuwa na mtoto.

Muuguzi wa zahanati alimpima mtoto, akamkuta salama, akatueleza. Mtoto mchanga hawezi kuupoza mwili wake kama mtu mzima. Akiwekwa katika chombo kilichofunikwa, hata kwa kitambaa chepesi, hewa haizunguki. Joto hukusanyika, na mtoto hana nguvu ya kuondoa nguo wala maneno ya kulalamika. Hulia, kisha huchoka, na kimya chake wazazi hukidhania usingizi. Hata katika nchi za baridi za Ulaya, wakati wa kiangazi, wazazi huonywa wasifunike vigari kwa vitambaa. Sisi tulifanya hivyo Ugalla, jua la saa nne.

Wasomaji wengine watasema kwamba twawatisha watu kwa kisa kimoja. Basi tuyatazame na mambo ambayo wataalamu wameyachunguza, tuone kama mbeleko ni ya watu wasiosoma.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wengi kuliko vyombo vya kuwatia joto. Akawaagiza akina mama wawaweke watoto hao vifuani mwao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa nguo usiku na mchana. Matunzo hayo yakaitwa kwa jina la kangaruu, mnyama wa Australia abebaye mtoto wake katika mfuko wa tumbo. Hospitali nyingi za Tanzania huyatumia. Mwaka 2021 yalitolewa majibu ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, katika kila 100 walikufa 12. Wale waliongojewa kwanza mpaka hali yao itulie, katika kila 100 walikufa karibu 16. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa hata uchunguzi ukakomeshwa kabla ya wakati wake, isionekane watoto wengine wananyimwa kifua makusudi. Mwaka uliofuata, 2022, Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba matunzo hayo yaanze mara moja baada ya kuzaliwa.

Mwaka 1986, katika mji wa Montreal huko Kanada, madaktari Hunziker na Barr waliwaomba mama wa kundi moja wawabebe watoto wao saa nyingi zaidi kila siku, hata wasipolia. Walipofika umri wa wiki sita, watoto hao walilia muda mfupi kuliko wenzao kwa sehemu 43 katika 100. Kila mzazi aliyekesha na mtoto mwenye kulia atajua thamani ya hesabu hiyo.

Tena kuna jambo la nyonga. Mtoto akielekwa vema, miguu yake hupanuliwa kama ya chura, na kichwa cha mfupa wa paja hukaa sawasawa katika tundu lake la nyonga. Mtoto afungwaye miguu ikinyoshwa pamoja, nyonga yake yaweza kuteguka. Huko Japani katika miaka ya 1970 wazazi walifundishwa kuacha kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyoshwa, na watoto wenye nyonga zilizoteguka wakapungua sana. Bibi zetu hawakusoma habari hiyo mahali popote, lakini walituelekea miguu ikiwa imepanuka.

Na la mwisho ndilo litakalomshangaza mwalimu wetu. Katika miaka ya 1960 muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alitumwa kufanya kazi katika nchi ya Togo. Aliona jinsi mama wa huko wabebavyo watoto wao mgongoni kwa kitambaa, na jinsi watoto walivyo watulivu. Aliporudi kwao akazaa, akajaribu kumfunga mtoto wake vile vile. Mama yake akamsaidia kushona mfuko wenye mikanda, na mwaka 1969 akapata hati ya uvumbuzi. Mfuko huo uliuzwa Marekani kwa jina la Snugli. Basi sisi twakusanya akiba tununue kigari ili tufanane na watu wa ng'ambo, nao walikwisha kuja Afrika kujifunza mbeleko, wakaishona upya, wakaiuza. Wazee walinena: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Sasa tueleze jinsi ya kuchagua mbeleko, maana nayo ina elimu yake, wala si kila kitambaa kifaacho.

Kwanza, nguo. Chagua kitenge cha pamba safi, imara, kisicho na utelezi, kirefu cha kumzunguka mama na kubakiza ncha za kufungia. Kivute kwa mikono miwili kwa nguvu mbele ya mwangaza. Kikionyesha nyuzi zikiachana, hakifai. Kifue mara mbili kabla ya kukitumia, ili kiwe laini na kiondoe rangi ya dukani, kwa kuwa mtoto atakinyonya. Yafaa kuwa na mbili, moja ikifuliwa nyingine itumike.

Pili, rangi. Jambo hili wengi hawalijui, nalo huku kwetu ni kubwa. Ndorobo huvutwa na rangi ya buluu na rangi nyeusi. Ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi mwenye kupita katika misitu yetu asivae mbeleko ya buluu iliyoiva wala nyeusi. Achague rangi hafifu, ya udongo au ya majani makavu, yenye uzito, maana ndorobo huuma hata kupitia nguo nyembamba. Tusidharau jambo hili. Malale ndiyo yaliyoifanya serikali ya Tanganyika tangu miaka ya 1920 kuwahamisha watu wa vijiji vingi vya magharibi na kuwakusanya mahali pamoja. Mtoto akipata homa baada ya kuumwa na ndorobo, apelekwe hospitali, na mganga aelezwe habari ya ndorobo, asidhani ni malaria tu.

Tatu, kufunga. Mtoto mchanga abebwe kifuani, wima, mpaka shingo yake ikaze, aghalabu mwezi wa tatu au wa nne. Ndipo aende mgongoni. Nguo ishike kutoka nyuma ya goti moja hata nyuma ya goti la pili, magoti yawe juu kidogo kuliko matako. Uso wake uonekane sikuzote, pua na kinywa viwe wazi. Kidevu kisilale juu ya kifua chake, maana mtoto mdogo akikunjika hivyo pumzi humpungukia. Awe karibu kiasi cha mama kuweza kukibusu kichwa chake akiinama. Tena asifunikwe gubigubi. Kivuli cha kofia au cha upande wa kanga ulioinuliwa chatosha, na safari ya mbali ianze alfajiri.

Nne, makatazo. Mwenye mtoto mgongoni asiiname juu ya sufuria ichemkayo, asipasue kuni, wala asipande baiskeli au pikipiki. Twajua ya kuwa jambo hili la mwisho hufanywa kila siku, lakini desturi haiwezi kuokota mtoto aangukapo. Tena mtoto akilala usiku na atolewe mbelekoni, alazwe chali ndani ya chandarua.

Je, kigari hakifai kamwe? Hatukusema hivyo. Wapo watu ambao kigari ni haki yao. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, ambaye kidonda chake hakijapona. Mama mwenye maumivu ya mgongo. Mwenye mapacha ambaye hana wa kumsaidia. Wakaao mjini Mpanda karibu na barabara ya lami. Hao wote wakipata kigari, wasione haya wala wasifanyiwe dhihaka. Na zaidi ya hao wote yuko mtoto mwenye ulemavu, ambaye amekua mkubwa kuliko mgongo wa mama yake lakini miguu yake haijamchukua. Kwake magurudumu si fahari, ni miguu. Tumewahi kuona nyumba ambamo mtoto wa namna hiyo alikaa ndani mwaka baada ya mwaka kwa sababu hapakuwa na awezaye kumbeba. Jamaa wakiwa na fedha ya kuchanga, na wachangie kigari cha mtoto huyo kabla ya kununua cha mtoto ambaye kitenge chamtosha.

Mwenye haki hiyo ya kununua, ayaangalie haya. Magurudumu yawe makubwa na mapana, maana madogo ni ya sakafuni. Breki ishike kweli: kiwekwe mteremkoni, kitiwe mfuko wa unga wa kilo kumi, breki ifungwe, kitazamwe kama kitakaa. Mikanda impite mtoto mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Kikunjuliwapo kifunge kwa kitasa kisichofunguka chenyewe, na penye maungio pasiwe na nafasi ya kubana kidole. Ikiwa mtoto hajaweza kuketi, aghalabu kabla ya mwezi wa sita, kiti kilale chini kabisa, asikae amejikunja. Mfuko wa sokoni usitundikwe katika mshikio, maana kitapinduka kwa nyuma. Tena kabla ya kutoa fedha, omba ruhusa ya muuza duka, ukitoe nje, ukisukume mchangani hatua hamsini ule unga ukiwa ndani. Hatua hizo hamsini zitakuambia zaidi ya maneno yote ya muuzaji. Na ukikwisha kukinunua, usikifunike kwa nguo hata siku moja.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo hasa tulitakalo kumwambia mwalimu wetu. Mwalimu, ulituuliza juu ya chombo. Sisi twakuuliza juu ya mgongo. Mkeo atakapotoka kujifungua atachota maji, atapika, atafua, na kila kazi ataifanya na mtoto juu yake. Mbeleko haichoki, lakini mgongo huchoka. Msaada mkubwa utakaompa si magurudumu manne. Ni mgongo wa pili nyumbani. Kifua cha baba nacho kina joto. Katika matunzo yale ya kangaruu baba huruhusiwa kumpokea mama apumzike, na mtoto hupata joto vile vile. Sisi tuliona haya mara ya kwanza tulipomfunga mtoto kifuani mbele ya watu. Wavulana wa shule walicheka siku mbili, siku ya tatu wakazoea. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo haikuandikwa jina la mama peke yake.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kwa kuwa wakaa penye njia ya mchanga, na mkeo ni mzima, usinunue kigari. Katika akiba yako toa fedha ya vitenge viwili vizuri, na umwache mkeo achague maua ayapendayo, ukimkumbusha tu habari ya rangi. Nunua chandarua. Zinazobaki usiziguse: ziwe nauli ya kumpeleka hospitali usiku uchungu utakapoanza, na chakula chake cha siku za arobaini. Fedha hiyo mtu hatakusifia njiani, maana haionekani. Lakini siku itakapohitajiwa, utashukuru kwamba haikugeuka magurudumu.

Wasomaji wengine watauliza habari ya kigari chetu. Kilikaa nyumbani miaka mingi. Kilibeba ndoo za maji, kikabeba mahindi kutoka shamba la karibu, nacho kilifanya kazi hiyo vema mpaka gurudumu moja lilipong'oka. Mtoto naye alikua, akasoma, akaoa. Mwaka alipopata mtoto wake wa kwanza, mama wa nyumba alifungua sanduku, akatoa kile kitenge cha siku ile, kimechakaa na rangi imefifia, akampa. Kijana akakipokea, akauliza afungeje, sisi tukamwonyesha.

Mwalimu mpendwa, twakutakia wewe na mkeo heri ya kujifungua salama. Mtoto akizaliwa, tuandikie, utujulishe jina lake na uzito wake. Na ukimaliza kuandika, mbebe kidogo, mama yake alale.